Gari Ilinishinda

"Ni kweli, Mheshimiwa. Gari ilinishinda."

Haya ni maneno ya dereva mmoja wa fuso. Aliyasema kizimbani miaka mingi iliyopita, nikiwa karani mchanga katika mahakama moja ya wilaya, kwenye mji ulio kando ya barabara kuu. Alikuwa amesomewa shtaka la kuendesha gari kwa uzembe. Lori lake liliacha njia kwenye mteremko, likabomoa kibanda cha chipsi, na kijana mmoja akavunjika mguu. Dereva alisema sentensi hiyo moja akanyamaza. Akawa anasugua viganja vyake kwenye suruali, kama mtu anayefuta vumbi lisilotoka.

Siku zile mambo yalikwenda hivi: shahidi anasema kwa Kiswahili, hakimu anamsikia kwa Kiswahili, halafu kalamu ya hakimu inaandika Kiingereza. Mahakama za mwanzo ziliandika kwa Kiswahili, lakini kuanzia ngazi ya wilaya kwenda juu kumbukumbu zilikuwa za Kiingereza. Kazi yangu ilikuwa kuchapa mwenendo wa kesi kutoka kwenye mwandiko wa hakimu. Jioni ile nilipofika kwenye mstari wa yule dereva, vidole vikasimama. Kilichoandikwa pale, ukikirudisha katika Kiswahili, kilisema: "Ni kweli. Sikulimudu gari." Na chini yake: mshtakiwa amekiri kosa.

Mimi nilikuwepo chumbani, na sikusikia mtu akikiri. Nilisikia mtu akieleza kilichomkuta. Gari ilinishinda: tulishindana mimi na chuma, chuma kikanizidi. Sikulimudu gari: kulikuwa na kazi mbele yangu, na sikuifanya. Lori ni lilelile, mteremko ni uleule, lakini mbele ya sheria hao ni madereva wawili.

Ningeweza kutafsiri mstari ule kwa kusema "nilishindwa kulimudu gari", ndivyo wengi wangefanya. Lakini hilo neno lenyewe litazame. Kushindwa ni kutendwa. Kwetu sisi, hata mtu asipofaulu jambo, sarufi inasema kuna kilichomshinda, hata kama hakitajwi. Kazi imenishinda. Ugonjwa umewashinda madaktari. Mtoto amenishinda tabia. Kiingereza cha siku ile kilimweka dereva peke yake barabarani, bila mpinzani.

Simlaumu hakimu. Alikuwa mtu makini, na kalamu yake ilikuwa inakimbizana na mdomo wa mtu. Kiingereza kilipofika kwenye ajali kilimpa mlango uliokuwa karibu zaidi, naye akapita. Tangu siku ile, hata hivyo, nimekuwa nikisikiliza vitenzi kuliko ninavyosikiliza majina, na nimeamini kwamba mengi tunayoyaita ukweli wa tukio yanaamuliwa ndani ya herufi mbili tatu katikati ya kitenzi.

Nyumbani kwetu kulikuwa na vikombe vya wageni, rangi ya maziwa, vyenye mstari mwembamba wa bluu mdomoni. Vilikuwa sita. Nilipokuwa na miaka kama saba nilikuwa nakirudisha kimoja kabatini, mikono ikiwa na maji ya sabuni, kikaanguka. Nikaenda jikoni.

"Mama, kikombe kimevunjika."

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Kimevunjika, au umekivunja?"

Nikafikiri. Kusema nimekivunja niliona si haki, maana sikutaka kivunjike. Kimevunjika nilishasema, na nilijua mwenyewe kwamba hakikuvunjika kikiwa peke yake kabatini. Nikasema, "Kimeniponyoka."

Hapo akageuka. Akaniangalia kidogo. "Haya. Kaviokote vipande, na uangalie usijikate."

Jibu hilo la tatu ndilo linalonifanya niandike makala hii. Kimevunjika: mimi simo. Nimekivunja: mimi ndiye mwenye tendo. Kimeniponyoka: mimi nimo, kwa ile -ni- ndogo iliyobanwa kati ya wakati na mzizi, lakini si mwenye tendo. Inasema mkono ulikuwa wangu na nia haikuwa yangu. Inakubali kuhusika bila kukubali hatia. Mtoto wa miaka saba alikuwa na ngazi tatu za kusimama, na mama yake alizijua zote tatu, ndiyo maana swali lake lilikuwa na maana.

Na ile -ni- ya kikombe ndiyo -ni- ya dereva. Gari ili-ni-shinda. Nimo, nilikuwa kwenye usukani, sikimbii. Ndicho kilichodondoka njiani kati ya mdomo wake na karatasi.

Shuleni tuliimbishwa mnyambuliko wa vitenzi kama wimbo wa mchakamchaka: kutenda, kutendea, kutendwa, kutendewa, kutendana, kutendeka, kutendesha. Mwalimu anapiga fimbo mezani, sisi tunaitika: pika, pikia, pikwa, pikiwa, pikana, pikika, pikisha. Tulikuwa tunacheka kwenye "pikana". Hakuna aliyetuambia kwamba ubaoni pale tulikuwa tunafundishwa namna ya kugawa lawama, huruma na heshima.

Benjamin Lee Whorf, Mmarekani aliyefariki mwaka 1941, hutajwa kila linapozuka suala la lugha na fikra. Wengi hawajui kwamba mshahara wake ulitoka kwenye kampuni ya bima ya moto mjini Hartford, Connecticut, na kazi yake ilikuwa kutafuta kwa nini majengo yanaungua. Aliona jambo moja kwenye maghala. Watu wakiwa karibu na mapipa yaliyojaa petroli walikuwa waangalifu sana. Wakiwa karibu na mapipa waliyoyaita matupu walivuta sigara. Lakini pipa "tupu" la petroli linabaki na mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Neno tupu liliwaambia kwamba hakuna kitu, nao wakaishi kwa neno hilo.

Baadaye Whorf alidai makubwa zaidi, hasa kuhusu Wahopi, wenyeji wa asili wa Marekani, na wakati, na mwaka 1983 mwanaisimu Ekkehart Malotki alitoa kitabu kinene kuonyesha kwamba lugha ya Wahopi ina njia tele za kusema wakati. Sawa. Mimi pia siamini kwamba lugha ni jela. Dereva yule angeweza kueleza habari yake kwa lugha yoyote kama angepewa nusu saa na mtu mvumilivu wa kumsikiliza. Ninachokiamini ni kile alichokisema mwanaisimu Roman Jakobson mwaka 1959, kwamba lugha zinatofautiana katika yale zinayokulazimisha kuyasema, maana yale zinayokuruhusu kuyasema hayana mpaka. Kinachokulazimisha kila siku, tangu utotoni, mara elfu kwa siku, hatimaye kinakuwa macho yako.

Kuna utafiti ambao ningependa usomwe na kila anayeandika maelezo ya mashahidi. Ulichapishwa mwaka 2011 na Caitlin Fausey na Lera Boroditsky, huko Marekani. Waliwaonyesha watu video fupi: mtu anapasua puto, mtu anavunja yai, mtu anamwaga kinywaji. Katika baadhi ya video alifanya makusudi, katika nyingine ilikuwa bahati mbaya. Watazamaji walikuwa wasemaji wa Kiingereza na wasemaji wa Kihispania. Kihispania kinafanana na Kiswahili hapa, kwa ajali hupenda kusema yai lilivunjika. Kiingereza husema fulani alivunja yai, hata kama yai limemtoka mkononi. Baadaye wakaulizwa ni nani aliyehusika. Kwa yale ya makusudi, makundi yote mawili yalikumbuka sawa. Kwa ajali, wasemaji wa Kihispania walimkumbuka mhusika kidogo kuliko wenzao.

Walimwona, macho yao ni mazima. Lakini lugha yao haikuwa na desturi ya kumtaja, na asiyetajwa akafifia mapema.

Watafiti haohao, mwaka mmoja kabla, walichukua tukio la jukwaani lililojulikana dunia nzima, pale vazi la mwimbaji Janet Jackson lilipofunguka kifuani mbele ya mamilioni ya watazamaji mwaka 2004, mwenzake Justin Timberlake akiwa amelishika. Waliwapa watu habari mbili zinazofanana karibu kila neno. Moja inasema alilichana vazi. Nyingine inasema vazi lilichanika. Waliosoma "alilichana" walimlaumu zaidi na wakapendekeza alipe faini kubwa zaidi. Hata walioitazama video kwa macho yao wenyewe waliongozwa na kitenzi. Nilipoisoma habari hii nilimkumbuka yule dereva na viganja vyake.

Lakini lugha haigawi lawama tu. Kuna sehemu ambayo naiona kuwa hazina kubwa kuliko zote za Kiswahili, na tunaitumia bila kuitazama.

Asubuhi aliyofariki baba nilipiga simu kazini. Nilisema neno moja: "Nimefiwa." Mwenzangu akauliza, "Na nani?" Nikasema, "Na baba." Akasema, "Pole sana, dada. Tunakuja." Hakukuwa na haja ya neno lingine. Wiki mbili baadaye nilitakiwa kujaza fomu ya likizo ya dharura, na fomu ilikuwa ya Kiingereza. Kwenye nafasi ya sababu niliandika sentensi inayosema baba yangu alikufa. Niliitazama muda mrefu. Baba yumo. Kifo kimo. Mimi nimebaki kwenye neno "yangu", kama mtu aliyekuwa na kitu.

Kufa kimenyambuliwa kikazaa kufiwa, na kufiwa kimemweka aliyebaki hai mwanzoni mwa sentensi. Nimefiwa: kifo kimetokea, na kimetokea juu yangu. Kutoka hapo tumepata mfiwa, na mfiwa kwetu si maelezo ya hali ya mtu, ni nafasi yenye kanuni zake. Mfiwa hapiki. Mfiwa hachoti maji. Mfiwa anakaa mkekani na watu ndio wanaomwendea, mmoja mmoja, wanainama, wanamshika mkono. Daftari la rambirambi linafunguliwa kwa ajili yake. Makaburini wanasema "wafiwa wapite mbele", na watu wanafungua njia. Kiingereza nacho kina neno lake, lakini ni neno la matangazo ya magazetini. Sijawahi kumsikia mtu akilisema kwenye simu saa kumi na moja alfajiri.

Neno hili lina ndugu wengi. Nimeishiwa. Nimeharibikiwa. Nimepotelewa na mtoto. Tumenyeshewa. Wazee walikuwa na neno kuchwewa, yaani jua kukuzamia ukiwa bado njiani, na mtu aliyesema "tumechwewa" mlangoni kwa mtu alikuwa ameshaomba mahali pa kulala bila kuomba. Yote haya yanamchukua binadamu aliyekutwa na jambo na kumweka mbele ya jambo lenyewe. Nafikiri ndiyo maana "pole" inatutoka kirahisi hivi, kwa mtu aliyejikwaa, kwa mtu anayetoka kazini, kwa mgonjwa tusiyemfahamu. Kitenzi kimeshatuonyesha nani ameumia, mdomo unamalizia tu.

Sasa niseme upande mwingine, maana ningekuwa nadanganya kama ningeishia hapo.

Njia hiyohiyo inayomhurumia dereva inawaficha watu wasiostahili kufichwa. Fedha za mradi zimepotea. Faili halionekani. Kumetokea upotevu. Nimechapa sentensi hizi kwa miaka, na kila mara kitu kinanichoma. Mbuzi hupotea. Mtoto hupotea sokoni. Fedha hutolewa, na anayezitoa huweka sahihi. Mtu mzima anapokaa mbele ya wenzake na kusema fedha zimepotea, anatumia kauli ya mtoto aliyevunja kikombe, na tofauti ni kwamba hakuna mama wa kumuuliza: zimepotea, au umezipoteza, au umezichukua?

Baya zaidi kwangu ni "amepata mimba". Mwanafunzi amepata mimba, tunasema, kwa kitenzi kilekile cha kupata mafua au kupata ajali. Tarehe 24 Novemba 2021 serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba wasichana waliokatisha masomo kwa sababu ya ujauzito wataruhusiwa kurudi katika shule za mfumo rasmi. Nililia kwa furaha siku ile, nasema kweli. Lakini kwenye daladala jioni, mjadala mzima ulikuwa wa "waliopata mimba": wamejitakia, hawakujitakia, wapewe nafasi, wasipewe. Kituo hadi kituo sikusikia mtu akitumia neno "waliopewa mimba". Waliopewa lingeleta mtu wa pili ndani ya basi, mtu mwenye umri, mwenye jina, pengine mwenye pikipiki au duka. Kupata kulimwacha msichana peke yake, kama Kiingereza kilivyomwacha dereva peke yake barabarani.

Na kuna kuoa. Kwamba mwanamume anaoa na mwanamke anaolewa, hilo limesemwa sana na wengine. Kinachonishughulisha mimi ni kuozwa, kitenzi ambacho tunacho na tunakikwepa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aingie kwenye ndoa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na hata 14 kwa idhini ya mahakama. Mwanaharakati Rebeca Gyumi aliipinga mahakamani. Mahakama Kuu ikakubaliana naye mwaka 2016, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo. Katika kipindi chote hicho tulikuwa tunazungumza juu ya watoto "wanaoolewa". Mtoto wa miaka 14 haolewi. Anaozwa. Kuozwa kunamwita aliyemwoza: baba, mjomba, shangazi aliyepokea posa, watu waliokaa sebuleni wakapanga mahari. Kubadilisha sauti mbili tatu tu katikati ya neno kunajaza chumba watu.

Kwa hiyo siwezi kusema Kiswahili kina huruma na Kiingereza hakina. Nasema Kiswahili kimetupa ngazi nyingi za kueleza nani alifanya, nani alifanyiwa, nani alikuwepo, na kwamba kila mara tunachagua ngazi. Tunachagua tukiwa tumelala. Katika mahakama, hospitali, kikao cha ukoo, taarifa ya habari, tunachagua tukiwa tumelala, na mtu mwingine ndiye anayeamka na matokeo.

Wanasheria wa kwetu wanaijua kesi ya Adan, iliyoamuliwa mwaka 1973 na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Ndiyo iliyoweka utaratibu wa kupokea jibu la mshtakiwa: asomewe shtaka na aelezwe vipengele vya kosa kwa lugha anayoielewa, na maneno yake mwenyewe yaandikwe. Maneno yake mwenyewe. Niliifahamu kesi hiyo baada ya miaka kadhaa ya kuchapa, na nikawaza ni mara ngapi vidole vyangu vilichapa maneno ya mtu mwingine chini ya jina la mshtakiwa.

Mwaka 2021 mambo yalibadilika. Februari mosi, kwenye Siku ya Sheria jijini Dodoma, Rais Magufuli alimsifu hadharani Jaji Zephrine Galeba kwa kuandika uamuzi kwa Kiswahili, na mwezi huohuo Bunge lilipitisha marekebisho yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, Kiingereza kikibaki pale ambapo haki itakihitaji. Wapo waliosema ni siasa. Wapo waliosema istilahi hazitoshi, na kweli kuna siku tunahangaika na neno moja mpaka chai inapoa. Mimi nilifikiria tu ile -ni-.

Mwaka uliopita alikuja bibi mmoja kutoa ushahidi. Mjukuu wake wa miaka minne aligongwa na bodaboda wakati wanavuka barabara. Mtoto alipona, ila bega lake haliko sawa. Wakili wa upande wa pili alitaka ionekane kwamba mtoto aliachwa azurure. Bibi alikuwa amevaa kitenge kipya, mikunjo ya dukani bado inaonekana. Akasema, "Mtoto aliniponyoka."

Hakimu, kijana ambaye angeweza kuwa mjukuu wake, aliandika. Kisha akainua kichwa.

"Alikuponyoka, bibi, au ulimwachia?"

"Aliniponyoka, baba. Nilikuwa nimemshika hapa." Akajishika kiganja cha mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, akakikaza, akabaki amekishika mpaka alipoambiwa anaweza kukaa.

Jioni nilichapa swali na jibu, kama vilivyosemwa.